Fimbo Tatu za Koitalel

Watu wengi hudhani kwamba nyara za vita ni mifugo, fedha na silaha tu. Lakini mara nyingi mshindi huchukua pia vitu visivyoliwa wala kupiganiwa: picha, ngoma, viti vya enzi na fimbo za viongozi. Je, vitu kama hivyo hulindwaje? Na vikisha kuchukuliwa, hurudije?

Huenda umepata kusikia habari za sinema iitwayo The Train, iliyotolewa mwaka 1964. Hiyo yasimulia jinsi wafanyakazi wa reli wa Ufaransa walivyozuia gari la moshi lililojaa picha zilizoporwa na Wajerumani. Sinema imeongeza mapigano mengi, lakini jambo lenyewe lilitokea. Mwezi wa Agosti 1944 Wajerumani walipakia makasha 148 ya picha mjini Paris ili yapelekwe kwao. Gari likacheleweshwa, likafika Aulnay tu, karibu na Paris, na huko likakamatwa na askari wa Ufaransa.

Aliyetoa habari za makasha hayo ni mwanamke mmoja, Rose Valland, mtumishi wa jumba la makumbusho ambalo Wajerumani walilifanya ghala. Mbele yao alijifanya hajui Kijerumani, naye kumbe alikielewa. Kwa miaka minne aliandika kwa siri kila picha ni ya nani na yapelekwa wapi. Hakuwa na bunduki. Silaha yake ilikuwa kalamu. Baada ya vita, maandishi yake yalisaidia kurudisha maelfu ya vitu kwa wenyewe.

Sasa turudi kwetu, katika nchi ya vilima iliyo kaskazini ya Kericho. Huko pia reli ilihusika na vita. Wanandi, wakiongozwa na Koitalel arap Samoei, Orkoiyot wao, yaani kiongozi mkuu katika mambo ya ibada na ya vita, walipinga utawala wa Waingereza na reli iliyopitishwa katika nchi yao. Upinzani huo ulidumu takriban miaka kumi, tangu 1895. Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel alikwenda kuonana na ofisa Mwingereza, Richard Meinertzhagen, kwa mazungumzo ya amani. Hapo akauawa pamoja na wafuasi wake kadhaa. Ofisa huyo alidai kwamba aliviziwa. Wanandi husimulia kwamba kiongozi wao alipigwa risasi alipokuwa akitoa mkono wa salamu. Fimbo zake za uongozi zikachukuliwa, zikapelekwa Uingereza.

Angalia, mwaka 1899 mataifa makubwa yalikuwa yamekwisha kukubaliana mjini The Hague kwamba uporaji vitani ni marufuku. Lakini mapatano hayo yaliyafunga mataifa yaliyotia sahihi tu, na Wanandi hawakualikwa kutia sahihi. Sheria haikuwalinda.

Hata hivyo, mwaka 2006, baada ya miaka 101, fimbo tatu zilirudishwa Kenya kutoka kwa jamaa ya ofisa huyo. Zingewezaje kurudi kama hakuna aliyekumbuka kwamba zilichukuliwa? Wazee walikuwa wamewasimulia watoto wao mahali, tukio na jina la aliyeua. Masimulizi yao yalifanya kazi ileile iliyofanywa na maandishi ya Rose Valland.

Wewe uliye Kericho au Bomet, usidhani kwamba habari hii ni ya majirani peke yao. Kipchomber arap Koilegen, nduguye Koitalel, alikuwa Orkoiyot wa Wakipsigis. Serikali ya kikoloni ilimhamisha mwaka 1914, naye akafa uhamishoni mwaka 1916. Mwaka 1934 ikatungwa sheria ya kuwaondoa watu wa ukoo wao wa Talai, nao wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, nchi ya mbung'o na malaria. Katika miaka hiyohiyo mashamba ya chai yalikuwa yakienea juu ya ardhi waliyonyang'anywa Wakipsigis. Mtu anayefukuzwa kwao hawezi kubeba kila kitu. Na kile anachokiacha, mara nyingi hakiandikwi na mtu.

Basi, msomaji, kazi hii ni yako. Waulize babu na nyanya zako: ni kitu gani kilichukuliwa hapa kwetu, mwaka gani, na nani, na kikapelekwa wapi? Andika majibu yao kwa usahihi, pamoja na jina la msimulizi na tarehe uliyoyasikia. Wanapotofautiana, andika maneno ya kila mmoja. Usingoje mwaka ujao, kwa maana mzee hufariki na habari zake. Kitu kilichoibiwa chaweza kukaa mbali miaka mia na bado kikarudi, maadamu yupo anayekumbuka ni cha nani.