Majilio si lazima yawe siku 24

Desemba ya 2023 mjukuu wangu aliletewa kalenda ya Majilio yenye vidirisha 24, kila kimoja na kipande cha chokoleti nyuma yake. "Babu, nani alisema ziwe ishirini na nne?" Nikamjibu bila kusita: Kanisa. Nilikosea, na kwa kuwa kosa lenyewe nimelisikia hata kwa walimu wenzangu, heri nilisahihishe hapa.

Kwanza neno. Majilio hutokana na kitenzi 'jilia', yaani kuja kwa ajili ya mtu au jambo fulani. Kilatini ni adventus, ujio. Wapo wanaosema Adventi. Siwagombezi, ila Majilio lanipendeza zaidi kwani ndani yake mna mtu anayejiwa.

Sasa hesabu. Kanisa huhesabu Jumapili, nazo ni nne. Ya kwanza yaweza kuwa siku yoyote kati ya Novemba 27 na Desemba 3. Kwa hivyo Majilio huwa na siku 22 hadi 28, kutegemea mwaka.

Hiyo 24 ilitoka wapi basi? Twende Hamburg, Ujerumani. Huko mwanatheolojia wa Kilutheri, Johann Hinrich Wichern, alifungua makao ya watoto maskini, Rauhes Haus, mwaka wa 1833. Husimuliwa kuwa watoto hao walimchosha kwa swali moja tu: Krismasi bado? Mwaka wa 1839 akatwaa gurudumu kuukuu la mkokoteni akalipanga mishumaa: minne mikubwa myeupe ya Jumapili na ishirini midogo myekundu ya siku nyingine. Kila siku ukawashwa mmoja.

Ukijumlisha ni 24, sivyo? Lakini tazama: mwaka huo Desemba mosi ilikuwa Jumapili. Ilitokea tu hivyo. Mwaka mwingine mishumaa midogo ingekuwa 18, au hata 24 bila ile mikubwa.

Familia nyingine za Kiprotestanti huko zilichora mistari ya chaki mlangoni, watoto wakifuta mmoja kila siku. Hiyo ndiyo ninayoipenda mimi. Haimgharimu mzazi hata ndururu.

Walioing'ang'ania 24 ni wachapishaji. Gerhard Lang wa Munich, ambaye inasemekana mamake alimshonea biskuti 24 kwenye kadibodi utotoni, alianza kuchapisha kalenda hizo mwanzoni mwa karne ya 20. Na mfanyabiashara gani atafuata Jumapili inayohamahama? Akianza Desemba mosi kila mwaka, zisizonunuliwa sasa zitauzwa mwakani.

Nilimrudia mjukuu wangu nikamweleza yote haya, pamoja na kwamba mwaka wetu ule Majilio yalianza Desemba 3. Akanyamaza kidogo, akihesabu vidole.

"Kwa hivyo, babu, zile mbili za kwanza tulikula kabla ya wakati?"

Mbili, naam. Na moja niliila mimi.