Kalule, Ayub: Mapambano ya Ngumi za Kulipwa

Ayub Kalule, bondia wa Uganda aliyezaliwa mwaka 1954, alikwisha kupata sifa katika ngumi za ridhaa, kwa kutwaa nishani ya dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch na ubingwa wa dunia huko Havana, yote hayo mwaka 1974, kabla ya kuhamia Denmark na kuanza, mwaka 1976, kupigana kwa malipo. Hesabu yake ni mapambano 50, akashinda 46 na kushindwa 4, sare hana.

Tarehe 24 Oktoba 1979, huko Akita, Japani, akiwa ugenini kwa bingwa Masashi Kudo ambaye hakuwa amepata kushindwa, Kalule, mpigaji wa mkono wa kushoto, alimzidi mwenyeji wake kwa pointi baada ya raundi 15 na kuuchukua ubingwa wa WBA wa uzito wa kati mwepesi, akawa Mganda wa kwanza kuwa bingwa wa dunia katika ngumi za kulipwa. Aliutetea mara nne, zote Denmark.

Ama kushindwa kwake, huko ndiko kunakostahili kusomwa kwa makini, kwani wasomaji wa hesabu hizi aghalabu huangalia idadi wakaghafilika na majina. Hakuna aliyemshinda kwa pointi. Wote wanne walimkatiza kabla ya kengele ya mwisho. Wa kwanza alikuwa Sugar Ray Leonard, tarehe 25 Juni 1981, katika Astrodome ya Houston, ambako Kalule, aliyeingia ulingoni na ushindi 36 usio na doa, alistahimili mpaka mwisho wa raundi ya tisa, akaangushwa, akainuka, na mwamuzi akalisimamisha pambano. Wakafuata Davey Moore mwaka 1982, Mike McCallum mwaka huo huo huko Atlantic City, na Herol Graham mwaka 1986 huko Sheffield, pambano lililokuwa la mwisho. Watatu kati ya hao walivaa taji la dunia.

Kwa insafu, ushindi wake wa Desemba 1985 huko Ancona hautajwi inavyostahiki. Akiwa na miaka 31, na bingwa wa Ulaya wa uzito wa kati, alimshinda kwa pointi Sumbu Kalambay, mzaliwa wa Lubumbashi, ambaye mwaka 1987 alitwaa ubingwa wa dunia wa WBA na mwaka uliofuata akamshinda McCallum yule yule wa Atlantic City.