Zimamoto ya Igunga iko chini ya nani? Si halmashauri

Moto ukizuka Igunga na gari la zimamoto likachelewa, lawama za kwanza humwangukia mkurugenzi wa halmashauri na madiwani. Kisheria, gari hilo si lao.

Zamani zimamoto ilikuwa kazi ya halmashauri, kila moja kwa uwezo wa mfuko wake. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Na. 14 ya mwaka 2007, ikaunda jeshi moja la Tanzania Bara, lililo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi pamoja na Polisi, Magereza na Uhamiaji. Zanzibar wana kikosi chao.

Juu kabisa yupo Kamishna Jenerali, anayeteuliwa na Rais. Chini yake wapo makamanda wa mikoa, na wa Igunga anakaa Tabora. Kwa hiyo ombi la gari au askari zaidi haliamuliwi kwenye baraza la madiwani. Linapanda Tabora, kisha Dodoma, na pesa inatoka kwenye bajeti ya wizara inayopitishwa na Bunge. Hesabu zake hukaguliwa na CAG. Ukitaka kumbana mtu, basi, anza na mbunge wako kabla ya diwani.

Na Igunga ina sababu ya kubana. Mji uko kwenye barabara kuu ya Singida–Nzega, ambako malori ya mafuta ya Rwanda na Burundi hupita usiku na mchana. Lori la mafuta lililolipuka Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, liliua watu zaidi ya 100, na pale ni mjini kabisa. Msaada wa kutoka Tabora kwa lami unapitia Nzega kwanza, zaidi ya kilomita 150.

Halmashauri nayo haijanawa mikono. Vibali vya ujenzi na mpangilio wa vibanda sokoni ni vyake. Kibanda kikiziba njia ya gari, hapo mlaumu diwani bila wasiwasi.

Ukaguzi wa maduka, nyumba za wageni na vituo vya mafuta ni wa jeshi lenyewe, na una ada. Lipa kwa control namba, usimpe mtu pesa mkononi.

Dharura ni 114, kupiga ni bure.