Tanga: Meza za Hotelini na Baraza za Ngamiani

Tarehe 4 Novemba 1914 askari wa Kigurkha na wenzao wa kikosi cha Loyal North Lancashire walipenya risasi hadi katikati ya Tanga, wakateka jengo la forodha, kisha wakafika kwenye hoteli iliyoitwa Deutscher Kaiser na kupandisha bendera ya Uingereza juu yake. Haikukaa sana. Jenerali Arthur Aitken alikuwa na watu wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, aliowashusha Raskazone. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alimkabili akiwa na takriban 1,000, na wengi wao walikuwa askari Waafrika. Katikati ya mapigano nyuki waliotibuliwa mizingani wakawavamia wote bila kubagua bendera. Siku ya pili yake Waingereza walikimbilia melini, wakaacha ufukweni mamia ya bunduki na risasi 600,000. Baadaye Kapteni Richard Meinertzhagen aliingia mjini na kitambaa cheupe, amebeba dawa na barua ya kuomba radhi kwa sababu mizinga ya meli ilikuwa imeipiga hospitali. Maofisa waliokuwa wakiuana jana yake wakakaa pamoja, wakanywa brandi na kujadili vita kama watu wanaojadili mpira.

Ukimuuliza mtu historia ya Tanga, mara nyingi atakupa hiyo: Wajerumani, Waingereza na nyuki. Ni hadithi nzuri, na mimi huisimulia pia. Lakini mji hauishi kwa siku tatu za vita. Katikati ya Tanga pamejengeka kwa zaidi ya miaka mia na thelathini ya watu kula, kunywa, kucheza na kuangaliana nani kakaa wapi. Ukitaka kuujua mji huu, fuata meza zake.

Anzia kwenye mkonge, maana meza zote zililipiwa nao. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mwaka huohuo Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga kwenda bara, ya kwanza katika koloni lao la Afrika Mashariki. Ilifika Muheza mwaka 1896, na mwaka 1911 ilikuwa imefika Moshi. Miche ile 62 ikazaa mashamba yaliyoenea Muheza, Korogwe, Pangani na Amboni, na bandari ya Tanga ikawa mlango wa nyuzi hizo kwenda Ulaya na Marekani. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha takriban tani 230,000, na hapakuwa na nchi duniani iliyoishinda.

Reli hiyo ilileta fedha na ikaukata mji vipande. Kaskazini yake, upande wa bahari, kulikuwa na ofisi, benki, maduka ya Wahindi, na kwa mbele Bombo na Raskazone walikoishi Wazungu kwenye upepo. Kusini yake ni Ngamiani, mitaa ya Waafrika iliyopimwa kwa rula na kupewa namba badala ya majina: Barabara ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu, hadi zaidi ya ishirini. Hadi leo mtu wa Tanga akikuelekeza nyumba atakwambia “Barabara ya Kumi na Mbili” na wewe unahesabu kwa miguu, au kwa baiskeli, maana huu ni mji wa baiskeli na hauoni haya.

Upande wa kaskazini ndiko zilikokuwa hoteli. Baada ya Waingereza kuutwaa mji Julai 1916, walikuja wenye mashamba wengine: Waingereza, Wagiriki, Waswisi, na matajiri wa Kihindi kama akina Karimjee. Kwenye Market Street ilikuwapo Planters Hotel, ambayo jina lake lilitangaza wazi nani alikaribishwa. Mabwana wa mkonge walikuja kutoka mashambani mwisho wa mwezi, wakakaa barazani na chupa zao. Simulizi za mjini zinadai kwamba mashamba mazima yalibadilisha mikono pale juu ya meza ya karata. Sijaona hati ya shamba lililopotezwa kwa karata. Lakini uvumi unaodumu hivyo unaonyesha jinsi wenyeji walivyowatazama watu wale: fedha nyingi mno, jasho la wengine.

Hao wengine ndio manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge. Waliletwa kutoka mbali, Unyamwezini, Uha, hata nje ya mipaka ya nchi, na tangu 1944 kulikuwa na ofisi maalumu ya kuwaajiri iliyojulikana kwa kifupi kama SILABU. Kwa miongo mingi sheria za kikoloni zilimzuia Mwafrika kununua pombe kali za Kizungu. Kwa hiyo kaskazini ya reli walikunywa wiski, kusini yake tembo la mnazi na pombe za kilabuni. Mpaka wa reli ulikuwa pia mpaka wa glasi.

Ajabu ni kwamba upande uliobaniwa ndio uliozaa kilichodumu. Tangu siku za vita kuu ya kwanza na baada yake, Tanga ilikuwa na vyama vya beni, Marini na Arinoti, vilivyoshindana kwa sare, ngoma na karamu. Watu walikopa ili kuwapikia wapinzani wao pilau kubwa kuliko waliyokula kwao. Halafu zikaja bendi za dansi. Katikati ya miaka ya 1950 Wanyamwezi waliokuja kwa ajili ya mkonge walianzisha bendi iliyoitwa Young Nyamwezi, ambayo baadaye ikawa Jamhuri Jazz. Mshindani wake alikuwa Atomic Jazz, na mashabiki wa bendi hizo mbili waligawanyika kama wanavyogawanyika wa klabu za mpira, Coastal Union na African Sports, uwanjani Mkwakwani. Humo Jamhuri Jazz ndimo walimopitia ndugu Wilson na George Kinyonga, waliohamia Arusha, kisha mwaka 1971 wakavuka kwenda Kenya na kuunda Simba Wanyika. Gitaa ambalo Nairobi ililicheza kwa miaka ishirini lilijifunzia kutembea Ngamiani.

Na taarabu. Unguja wana haki ya kujivuna, lakini kilichoitoa taarabu kwenye kumbi za watu wachache wenye fidla na ganuni kikaipeleka kwenye kila redio ya Afrika Mashariki ni vikundi vya Tanga. Young Novelty, kisha Black Star na Lucky Star, walitia magitaa na besi, wakaimba Kiswahili cha mtaani kwa mapigo ambayo mtu anaweza kuyachezea akiwa na sahani mkononi. Sauti iliyojulikana zaidi kati yao ilikuwa ya Shakila binti Said, mzaliwa wa Pangani, aliyefariki mwaka 2016. Kwangu mimi, Black Star peke yake ina uzito katika historia ya mji huu kuliko kila jengo la Kijerumani lililosimama.

Kati ya meza za Wazungu na baraza za Ngamiani palikuwa na tabaka la tatu: migahawa ya Wahindi. Hiyo ndiyo iliyotufundisha kula nje ya nyumba. Sambusa, bajia, kachori, katlesi, chai ya maziwa iliyochemka hadi ikabadilika rangi. Vyote vilianza kwenye meza za maduka yaliyozunguka soko la mjini, vikaingia Ngamiani kwa sinia kichwani, na leo hakuna mama wa Tanga anayeviona vya kigeni. Mfano ulio hai ni Patwas, karibu na soko, inayosifika kwa juisi na lasi. Food Palace ya Market Street nayo imelisha vizazi kadhaa kwa kuku, mishikaki na vyakula vya Kihindi. Hazina mapambo. Feni inazunguka, mhudumu hana haraka, na meza moja anaweza kuwapo karani wa bandari, mwenye duka na mgeni aliyeshuka basi la Dar es Salaam.

Jinsi mtaa wa Market Street ulivyobaki hivyo, wenye ghorofa za zamani zenye roshani za mbao na majina ya wenye nyumba yaliyochongwa juu ya milango, ni habari ya majaliwa mabaya kuliko ya mipango mizuri. Nailoni na nyuzi nyingine za viwandani zilianza kuua bei ya mkonge katikati ya miaka ya 1960. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba. Mwaka 1971 ikafuata sheria ya kutaifisha majumba ya kupangisha, na ghorofa za Market Street zikaenda kwa Msajili wa Majumba. Wahindi wengi wakafunga virago. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi nzima ilizalisha takriban tani 20,000 tu za mkonge, chini ya sehemu ya kumi ya ile ya 1964. Mji uliokosa fedha haukubomoa kitu, kwa kuwa kubomoa nako kuna gharama. Watalii wanapiga picha roshani zile na kusifia uhifadhi. Ukweli ni kwamba nyingi zilinusurika kwa ukata.

Sasa, ukifika Tanga, utembee vipi? Asubuhi nenda kwenye boma la zamani la Wajerumani, ambalo sasa ni makumbusho ya Urithi, uone picha za kale za mji. Bustani ya Jamhuri iko karibu, na kutoka pale unaiona ghuba na kisiwa cha Toten, chenye magofu ya misikiti na makaburi ya Waswahili walioishi humo karne nyingi kabla ya mizinga ya Aitken. Jina la kisiwa ni la Kijerumani, waliozikwa si Wajerumani. Mwenye nafasi zaidi aende mapango ya Amboni kaskazini ya mji, au Machui upande wa kusini alikozaliwa mshairi Shaaban Robert mwaka 1909, aliyekuwa karani wa forodha kabla ya kuwa Shaaban Robert tunayemjua.

Mchana, mgahawani mjini. Jua likipinda, Raskazone. Mkonge Hotel imekaa juu ya bahari, na Klabu ya Mashua ya Tanga, Yacht Club kwa wenyeji, ina samaki na bia baridi. Miaka ya ukoloni mtu mweusi alikanyaga sehemu kama hizo akiwa amebeba sinia. Leo mgeni hulipa kiingilio akaagiza pweza. Mandhari ni mazuri, sikatai. Ila usimalizie huko, kwa sababu utaondoka umeona Tanga ya madirishani.

Usiku vuka reli. Ngamiani huanza kupika jua linapozama: mikate ya kumimina, vitumbua, mihogo iliyopikwa kwa nazi, supu ya pweza, mishikaki juu ya makaa, samaki wa kupaka. Ukibahatika kupata nyumba ya Wadigo au Wasegeju utakula bada, ugali wa muhogo ambao watu wa bara huukunjia uso mara ya kwanza na kuuomba mara ya pili. Muuza kahawa hugonga vikombe vyake akipita barazani, kashata mkononi. Msimu wa machungwa ya Muheza hata hewa ya sokoni hubadilika. Wanywaji nao wana baa zao za mitaani, viti vya plastiki na muziki juu, hakuna anayemuuliza mtu alikotoka. Msemo wa wenyeji kuhusu mji wao, waja leo waondoka leo, ni wa watu wanaojua kwamba wageni wengi husahau kuondoka.

Tanga ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2005, jambo ambalo katikati ya mji halikubadilisha hata kiti. Mabadiliko makubwa zaidi yanakuja kutoka Chongoleani, ng'ambo ya ghuba, ambako mwaka 2017 liliwekwa jiwe la msingi la bomba la mafuta lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Bandari nayo imepanuliwa. Fedha ikirudi, watakaokuja watataka hoteli zenye vioo na maegesho, na viwanja vya Market Street vitaanza kutazamwa kwa macho mengine. Majengo ya Kijerumani yatapata watetezi. Tayari yana makumbusho na vitabu. Kumbi za Ngamiani walikopiga Jamhuri Jazz na Atomic hazina hata kibao ukutani, na wazee waliocheza humo wanapungua kila mwaka.

Kwa hiyo, msomaji, kama nyumbani kwenu kuna picha ya bendi, tiketi ya dansi, sare ya kikundi cha taarabu au hata daftari la madeni la mgahawa wa mjini, usiviachie mchwa. Peleka nakala Urithi pale bomani, ueleze nani ni nani kwenye picha na ilipigwa barabara ya ngapi.