Aiskrimu ya Kuzungusha kwa Mkono na Mwanamke Aliyeirahisisha

Leo tunazungumzia aiskrimu, ile ya zamani ya ndoo ya mbao na mkono wa kuzungusha, maana nyuma yake yuko mwanamke ambaye wengi wetu hatukupata kutajiwa jina lake.

Siri yake ni chumvi. Barafu tupu inapoyeyuka hubaki kwenye nyuzi 0, na maziwa yenye sukari yanataka baridi zaidi ya hapo ili yagande. Ukiitia chumvi, barafu huyeyuka upesi na kuvuta joto kutoka kwenye kopo la maziwa. Mchanganyiko huo unaweza kushuka hadi karibu nyuzi 21 chini ya sifuri. Elimu inayokaribiana na hii Waislamu walikuwa nayo zamani: Ibn Abi Usaybi'a, tabibu wa Damascus aliyefariki mwaka 1270, aliandika namna ya kutengeneza barafu kwa kutumia shura.

Huko Ulaya na Marekani, kabla ya mashine, kopo la maziwa lilitiwa ndani ya ndoo ya barafu na chumvi, likatikiswa na kuzungushwa, kisha likafunguliwa kila mara ili kukwangua kilichoganda pembeni. Mikono inauma, chumvi inaingia ndani, na barafu yenyewe ghali. Ndiyo maana kikawa chakula cha wenye watumishi.

Tarehe 9 Septemba 1843, Nancy Johnson wa Philadelphia alipewa hataza namba 3254. Ndani ya kopo aliweka ubao wenye matundu, akauunganisha na mkono ulio juu ya mfuniko. Ukizungusha, ubao unakwangua pembeni na kuyapiga maziwa papo hapo, bila kufungua. Chembe za barafu hazipati nafasi ya kukua, na aiskrimu inatoka laini. Mama mmoja na watoto wake wanatosha.

Sasa angalieni hili. Nancy alikuwa mke wa mtu, na katika jimbo lake la Pennsylvania sheria ya kumruhusu mke kumiliki mali yake mwenyewe ilipitishwa mwaka 1848, miaka 5 baada ya hataza yake. Sisi tuliofundishwa tangu utotoni kwamba mahari ni mali ya bibi harusi, si ya baba wala ya mume, tunashangaa kidogo. Mwaka huohuo wa 1848 William Young alipata hataza ya mashine iliyoboreshwa, akaiuza kwa jina la Johnson. Angalau jina hakulifuta.

Barafu nayo ilianza kufika mbali. Mwaka 1833 jahazi la Frederic Tudor lilitoka Boston na tani 180 za barafu ya ziwani, na tani 100 hivi zikafika Kolkata.

Anayetaka kujaribu: chemsha maziwa na sukari, iliki na zafarani, yapoze kabisa. Jaza kopo theluthi mbili tu, kwa kuwa yataumuka. Barafu vikombe vitatu kwa kimoja cha chumvi ya mawe. Zungusha polepole mwanzo. Mkono ukiwa mzito, imeiva. Kabla ya kufungua, futa vizuri chumvi iliyo juu ya mfuniko.