Kujitolea Hakukuanza na Wenye Kujitolea

Juma lililopita mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza kwa nini wilaya yake isiache kuajiri maafisa ugani, ikawatumia vijana wa kujitolea "kama wafanyavyo Wamarekani". Alikuwa amesoma habari za madarasa ya bustani wanayopewa bure wakazi wa miji ya huko na walimu wasiolipwa hata senti. Swali ni la haki, ila limeianza hadithi katikati.

Madarasa hayo yana asili yake katika jimbo la Washington, kwenye wilaya za King na Pierce, ilipo miji ya Seattle na Tacoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mabwana shamba wawili wa huko, David Gibby na Bill Scheer, walielemewa. Kazi yao ilikuwa kuwahudumia wakulima, lakini wakazi wa mijini waliwapigia simu bila kukoma: nyanya zimenyauka, majani yametobolewa, udongo umekuwaje? Walipojaribu kujibu kupitia redio na televisheni, maswali yakazidi badala ya kupungua. Ndipo likaja wazo la kuwafunza raia wenye mapenzi na bustani, nao walipe mafunzo hayo kwa saa za kuwahudumia wenzao. Baadhi ya wataalamu walilitilia shaka: mtu asiye na shahada atashauri nini kuhusu sumu ya wadudu? Mwaka 1972 ikafanywa kliniki ya majaribio katika jengo la maduka mjini Tacoma, na watu wakafurika. Mwaka uliofuata kundi la kwanza likafunzwa. Jina la Master Gardener walilopewa lilitoholewa kutoka cheo cha ufundi cha Kijerumani, Gartenmeister.

Naomba msomaji aangalie nani alikuwa akimfunza nani. Waliosimama mbele ya darasa lile walikuwa watumishi wenye mishahara, na nyuma yao kilikuwapo chuo kikuu cha umma chenye maabara. Nyuma ya chuo ilikuwapo Sheria ya Smith-Lever ya mwaka 1914, iliyoifunga serikali kuu na majimbo kugharimia ugani pamoja. Raia alijitolea juu ya msingi ambao dola ilikuwa imeujenga kwa takriban miaka 60.

Wala msingi huo haukuwa safi. Katika majimbo ya kusini fedha za 1914 zilikabidhiwa vyuo vya Wazungu, nao ndio walioamua Weusi wapate kiasi gani. Hilo lilitokea ingawa kule Tuskegee, Alabama, George Washington Carver na wenzake walikuwa wameanza tangu 1906 kupeleka gari la kukokotwa na wanyama hadi mashambani, likiwa na zana na mbegu za kufundishia wakulima Weusi.

Nilipomaliza kumweleza mwanafunzi wangu hayo, nikamwuliza: wilayani kwako, hao vijana watafunzwa na nani? Akafikiri kidogo. Akasema bwana shamba wa kata yao alistaafu miaka minne iliyopita, na nafasi yake bado i wazi.