Kijiji na Chuo Kikuu: Mambo ya Kamĩrĩĩthũ, 1976–1982

Hati za vyuo vikuu hutaja kazi tatu: kufundisha, kutafiti na kuihudumia jamii. Mbili za kwanza zina ratiba, mitihani na vyeo. Ya tatu aghalabu huachiwa hisani ya mwalimu mmoja mmoja. Yaliyotokea Kamĩrĩĩthũ, kijiji cha Limuru kilicho kiasi cha kilomita 30 kutoka Nairobi, yanaonyesha jinsi kazi hiyo ya tatu inavyoweza kuzigeuza zile mbili.

Chuo Kikuu cha Nairobi hakikuwa kimelala. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walidai Idara ya Kiingereza ivunjwe, na fasihi ya Afrika, pamoja na fasihi simulizi, iwekwe katikati ya masomo. Mwaka 1974 kikaanzishwa kikundi cha wanafunzi cha kuzunguka na michezo ya kuigiza bila kiingilio. Hatua hizo zilikuwa na manufaa. Hata hivyo, mwendo ulikuwa wa upande mmoja: chuo kilikwenda kwa watu kuchukua hadithi, au kuwapelekea mchezo uliokwisha kutungwa.

Kamĩrĩĩthũ kilikuwa kijiji kilichozaliwa na Hali ya Hatari ya miaka ya 1950, chenye wakulima wadogo, vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu. Mwaka 1976 mwanamke mmoja wa kijijini alimwendea Ngũgĩ nyumbani, na akarudi tena na tena, akimtaka yeye na wasomi wenzake wakigawie kijiji sehemu ya elimu yao. Ombi, basi, lilitoka kijijini. Masomo ya ngumbaru yakaanza mwaka huo, yakiongozwa na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, mtafiti wa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo ya chuo hicho hicho. Kamati ya kituo ilikuwa ya wanakijiji wenyewe, nayo ndiyo iliyowaagiza akina Ngũgĩ wawili waandike mchezo.

Hapo ndipo suala la lugha lilipoacha kuwa nadharia. Mchezo wa watu hao haungeweza kuandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo Ngũgĩ alikuwa ameitumia katika riwaya zake zote hadi hapo, riwaya zilizowasimulia wakulima ambao hawakuweza kuzisoma. Mswada wa kwanza wa Ngaahika Ndeenda ulikuwa tayari Aprili 1977, nao ukawekwa mbele ya watu. Wazee walieleza kwamba mzee hasemi hivyo, kwamba kijana hamjibu mkubwa wake kwa maneno yale, kwamba methali fulani haina mahali pake pale. Wafanyakazi wa kiwandani walisahihisha habari za ujira na kazi. Sehemu ya nyimbo za arusi ya kimila iliandikwa neno kwa neno kama ilivyotolewa na mwanamke asiyejua kusoma. Mwanaisimu atatambua kwamba mambo haya, adabu ya usemi, rika, na lugha ya sherehe, ndiyo yale ambayo hojaji ya mtafiti wa siku mbili hukosa kuyanasa. Aliyedhaniwa kuwa mtoa habari amekuwa mtahini.

Mazoezi yalifuata mwendo wa kazi za kijiji, hivyo yakafanywa hasa Jumamosi na Jumapili alasiri, hadharani. Kĩmani Gecaũ, naye wa chuo kikuu, aliyaongoza. Wanakijiji walijijengea ukumbi wa wazi wa kuketi watu 2,000, na mchezo ukafunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Novemba leseni ilifutwa. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alitiwa kizuizini bila kushtakiwa, na alipoachiliwa Desemba 1978 hakurudishiwa kazi yake ya ualimu. Kazi ya mwisho wa juma haikuwa na mahali katika daftari la chuo. Ni vigumu taasisi kuitetea kazi ambayo haijawahi kuiita yake.

Mwaka 1982 mambo yaligeuka kwa namna ya ajabu. Mchezo wa pili, Maitũ Njugĩra, wenye nyimbo za lugha kadhaa za Kenya, ulinyimwa nafasi katika Ukumbi wa Taifa jijini Nairobi. Waigizaji wakahamia chuo kikuu na kuendelea na mazoezi huko, milango ikiwa wazi. Watu walimiminika kila jioni, wengine kwa mabasi waliyoyakodi wenyewe kutoka vijijini, wakajaza jumba ambalo wengi wao hawakuwa na sababu nyingine ya kuliingia. Siku zile kijiji ndicho kilichokwenda kufundisha chuoni. Baada ya kiasi cha majuma mawili ruhusa ilikatwa. Tarehe 11 Machi kituo cha Kamĩrĩĩthũ kilipigwa marufuku, na kesho yake polisi wakafika kwa malori matatu, wakaubomoa ukumbi. Ngũgĩ wa Mĩriĩ na Kĩmani Gecaũ walikimbilia Zimbabwe, ambako waliendelea na sanaa ya maonyesho vijijini.